Nusu lita kwa siku: maswali yenu kuhusu merikebu za watumwa za Atlantiki

Nimekuwa nikisikia kwamba wengi walikufa kwa kubanana. Ni kweli?

Kubanana kulikuwepo, tena kwa kipimo. Mchoro wa merikebu Brookes ya Liverpool, uliochapishwa 1788, unampa mwanamume nafasi ya sentimita 183 kwa 41. Wengine walilazwa juu ya rafu za mbao zilizopigiliwa kati ya sitaha mbili, mahali ambapo mtu mzima hawezi kukaa wima. Lakini wanahistoria walipolinganisha kumbukumbu za safari nyingi, waliona kuwa wingi wa watu kwa ukubwa wa chombo peke yake hauelezi vizuri tofauti ya vifo. Waliouawa na kuhara damu, ndui na surua walikuwa wengi, na hali ilikuwa mbaya zaidi pale siku za baharini zilipozidi makadirio. Kati ya watu milioni 12.5 hivi waliopakiwa Afrika kupelekwa Amerika, walioshuka hai ni kama milioni 10.7.

Walipewa chakula na maji kiasi gani?

Hapa ndipo penye kiini cha yote. Alexander Falconbridge, tabibu wa merikebu hizo aliyekuja kuwa shahidi dhidi ya biashara yenyewe, aliandika 1788 kwamba watu walilishwa mara mbili, saa mbili asubuhi na saa kumi alasiri. Walikula maharage yaliyochemshwa mpaka yakavurugika, viazi vikuu au wali, na mchuzi wa mawese, unga, maji na pilipili. Maji yalikuwa nusu painti kwa kila mlo, yakigawiwa kwa kikopo kutoka kwenye ndoo. Ukijumlisha milo yote miwili, ni nusu lita na kidogo kwa siku.

Mtu aliyefungiwa chini ya sitaha katika joto la tropiki, matundu ya hewa yakiwa yamezibwa kwa sababu ya mvua au mawimbi, hupoteza zaidi ya hapo kwa jasho tu. Akianza kuhara, hupoteza lita kadhaa pamoja na chumvi za mwili. Macho huingia ndani, misuli hukaza, akili huzubaa, chakula hakipiti. Mabaharia wakimwona hivyo walisema amekufa moyo au ni mkaidi, wakamchapa ale. Kukata tamaa kulikuwepo, na nani asingekata tamaa? Ila dalili nyingi walizoziandika ni za mtu aliyekaukiwa maji.

Choo kilimaliza kazi. Falconbridge anataja ndoo tatu au nne kwa kila chumba, pana chini na nyembamba juu, kimo kama sentimita 70. Wanaume walifungwa pingu wawiliwawili miguuni. Mwenye haja usiku alilazimika kumwamsha mwenzake, wakatambaa pamoja gizani juu ya miili ya watu. Wengi walishindwa kufika. Uchafu ukatapakaa kwenye mbao walizolalia, mikono ikaupeleka kwenye chakula, na ugonjwa ukahamia kwa jirani.

Hawakupigana?

Walipigana sana. Inakadiriwa kuwa takriban safari moja kati ya kumi ilikuwa na uasi. Wanawake na watoto kwa kawaida hawakufungwa minyororo, kwa hiyo waliweza kutembea, kusikiliza na kupitisha habari. Waliogoma kula walipanuliwa taya kwa chombo cha chuma chenye skrubu. Thomas Clarkson, Mwingereza aliyeipinga biashara hiyo, alikinunua kimoja dukani Liverpool ili watu wakione. Nyavu zilizungushwa ubavuni ili wasijirushe baharini.

Ni kweli watu hai walitupwa baharini kwa ajili ya bima?

Kweli. Mwishoni mwa 1781 mabaharia wa merikebu Zong waliwatupa watu wapatao 130 wakidai maji yamepungua. Chombo kilikuwa kimeipita Jamaica, kilikokuwa kinaelekea, kwa kosa la uongozaji. Kilipofika, kilikuwa bado na galoni 420 za maji. Bima haikulipa aliyekufa kwa ugonjwa, ila “shehena” iliyotupwa kwa lazima ilidaiwa pauni 30 kwa kila kichwa. Kesi ya 1783 ilihusu fidia tu. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji.

Je, watu wa upande wetu wa Afrika walipelekwa huko?

Ndiyo, hasa kutoka Kisiwa cha Msumbiji na bandari ya Quelimane, pia Msumbiji, wakiwemo Wamakua wengi, ambao ndugu zao wako Mtwara na Masasi hadi leo. Safari ya Angola hadi Brazili ilichukua mwezi mmoja na zaidi. Ya Msumbiji iliuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuweza kufika miezi mitatu, na vifo viliongezeka vivyo hivyo. São José ya Wareno ilivunjika karibu na Cape Town tarehe 27 Desemba 1794 ikielekea Maranhão, Brazili, na watu zaidi ya 400. Walikufa 212. Waliookoka waliuzwa hapohapo. Wazamiaji waliitambua kwa msaada wa farumi yake, yaani uzito wa kuitulizia merikebu, uliokuwa vipande vya chuma: miili ya watu ni myepesi kuliko shehena ya kawaida, tena husogea, kwa hiyo chuma kiliwekwa chini ili merikebu isiyumbe.