Jibu: Malengelenge ya mdomo yanayorudi kila kaskazi

Dada, umeuliza mbona malengelenge ya mdomo yanakurudia kila kaskazi ikiingia, na kama kuna dawa ya nyumbani ya kuyamaliza. Ya kuyamaliza hakuna. Virusi vya herpesi vikishaingia hujificha kwenye mishipa ya fahamu maisha yote, huamshwa na jua kali kama la kaskazi, homa, uchovu au mawazo. Usione haya, Shirika la Afya Duniani lakadiria watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo.

Ndimu na chumvi achana nazo (najua kila jirani atakwambia upake), zinachoma ngozi tu. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa safi hupunguza maumivu. Kinachosaidia zaidi ni malhamu ya asikloviri kutoka duka la dawa, mradi uanze kupaka pale mdomo unapoanza kuwasha, kabla lengelenge halijatokeza. Ukingoja lipasuke, faida ni ndogo. Ukienda sokoni Kongowea mchana jitande mtandio, na upake mafuta ya midomo yenye kinga ya jua. Na ulale, jamani!

Ukiwa na malengelenge usimbusu mtoto mchanga, ni hatari kwake. Jicho likiuma au kuwa jekundu, nenda hospitali siku hiyohiyo.