Maswali na majibu: VC10 ya vakyumu, kutoka shiti nyeupe hadi magurudumu

Barua nyingi za safari hii zinahusu modeli za vakyumu, zile ambazo shiti ya plastiki hupashwa moto ikalainika, ikafyonzwa juu ya kalibu na kutoka na umbo la ndege. Nimefurahi kuliko kawaida. Hakuna kazi ya modeli ninayoipenda kama hii: unapewa ngozi ya ndege, mifupa unaitengeneza mwenyewe. Na karibu nyote mnaulizia ndege moja, Super VC10, jeti ya abiria ya East African Airways, shirika la ndege la zamani la Afrika Mashariki.

Mwalimu, shemeji yangu amenitumia kutoka Uingereza seti ya VC10, skeli ya 1/72. Ndani ya boksi nimekuta shiti nyeupe zenye maumbo yaliyovimba, vipande vichache vya chuma na karatasi moja ya maelezo. Nianzie wapi? (Msomaji, Jinja)

Anza na rula kabla ya kugusa kisu. VC10 ya kawaida ilikuwa na urefu wa mita 48.4 hivi, Super VC10 mita 52.3. Kwenye skeli yako hiyo ni sentimita 67 kwa ya kwanza na karibu 73 kwa ya pili. Pima bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, ujue umetumiwa ipi, maana VC10 tano za East African Airways zote zilikuwa Super.

Kisha osha shiti kwa maji ya sabuni, uziache zikauke. Chukua kalamu ya wino usiofutika, uzungushe mstari kandokando ya kila kipande pale kinapokutana na shiti. Mstari huo utakuongoza mpaka mwisho, kwa hiyo usiuruke hata kwenye vipande vidogo. Kwa kukata, wembe wa upasuaji namba 11 hauna mpinzani. Uulizie kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Usihangaike kukata mpaka chini. Pitisha wembe mara mbili tatu, ukiulaza kidogo upande wa nje, halafu kunja shiti taratibu. Itakatika yenyewe kwenye alama.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kipande kimetoka, lakini bado kimebeba chini yake unene wa shiti, na unene huo si sehemu ya ndege. Tuseme shiti ina milimita 1. Ukiuacha, nusu mbili za bodi zikikutana zitakuwa zimeongeza milimita 2, ambazo kwenye ndege halisi ni zaidi ya sentimita 14. Bodi inakuwa yai badala ya duara, na hakuna kitakachokaa sawa baada ya hapo.

Bandika msasa wa maji namba 120 juu ya kioo au kigae kilichonyooka, uulowanishe, ulaze nusu ya bodi juu yake na uisugue kwa mwendo wa namba 8. Gundisha kipande cha selotepu mgongoni mwa kipande upate pa kushika. Kila baada ya kitambo geuza mbele nyuma, kwa sababu mkono wa kila mtu hukandamiza zaidi upande mmoja. Tazama ukingo: mwanzoni ni mpana, wino uko juu yake. Unavyosugua, ukanda wa nje unazidi kuwa mwembamba mpaka mwanga unapenya, kisha unaanza kujikunja na kung'oka wenyewe, na wino unabaki unywele tu. Simama hapo hapo. Malizia kwa msasa namba 400, na kila mara linganisha nusu mbili ukizishika pamoja mbele ya dirisha.

Mabawa yana jambo lake: ukingo wa nyuma lazima uwe mwembamba, na wembamba huo unaupata kwa kusugua upande wa ndani, kamwe si wa nje.

Gundi ya modeli huku kwetu hakuna. Supaglu haitoshi? (Msomaji, Mbale)

Kwa mshono mrefu wa bodi, haitoshi. Supaglu ikishakauka vizuri huwa ngumu kuliko plastiki, kwa hiyo msasa utakula plastiki na kuacha gundi imetuna. Polistireni, ndiyo plastiki ya shiti hizi, huungana vyema kwa kuyeyushwa. Asetoni inaiyeyusha, na tina ya rangi za magari vilevile. Jaribu kwanza kwenye mabaki ya shiti, ambayo utakuwa nayo tele. Kabla ya kuunga, gundisha ndani ya nusu moja vijipande vya mabaki hayo, kila baada ya sentimita 3 hivi, vichomoze kidogo nje ya ukingo. Nusu ya pili itakuja kuvikalia. Shika sentimita chache kwa wakati mmoja, pitisha brashi ndogo yenye tina ndani ya mshono, subiri, songa mbele. Mabaki ukiyaloweka kwenye tina ndani ya kichupa cha kioo yanakuwa uji mzito, nao ni filla bora ya kuzibia mianya, kwa sababu ni plastiki ileile. Gundi ya mabomba ya maji iache. Inayeyusha kupita kiasi. Na fanya kazi hii barazani, si chumbani, mbali na sigiri.

Mimi ni mwanajeshi mstaafu, nilikuwa fundi wa magari. Ndege yenye injini nne zote nyuma, na mkia wake wa mlalo umekaa juu kabisa ya ule wa wima, si itakalia matako? Na mkia huo utashikwa na nini? (Msomaji, Bombo)

Afande, umeuliza swali ambalo wengi hulikumbuka bodi ikiwa imeshafungwa. Ndiyo, VC10 bila uzito puani itaanguka nyuma, na plastiki nyembamba peke yake haiwezi kuubeba mkia ule.

Ndani ya bodi weka mataruma, kama ya mashua, ya plastiki nene au plaiwudi ya milimita 3: moja nyuma ya chumba cha marubani, mawili pale mabawa yanapoingia, moja mbele ya injini, moja chini ya mkia. Yasilazimishwe. Taruma likisukuma ukuta wa bodi, uvimbe wake utauona siku ya rangi. Mabawa yapitishie mhimili mmoja wa mbao au mrija wa shaba unaovuka bodi kutoka upande hadi upande, ukishikwa na yale mataruma mawili. Bila hivyo pembe ya mabawa itabadilika kila ukiinua ndege.

Kwa mkia, nenda kwa fundi baiskeli umwombe spoku kuukuu. Spoku ya milimita 2 ni chuma kizuri sana kwa kazi hii. Ipitishe ndani ya mkia wa wima, ishuke mpaka kwenye taruma la nyuma na kuchomoza juu milimita chache, kisha mkia wa mlalo uuchomeke hapo. Ishike kwa Araldite, gundi ya epoksi ya kuchanganya. Spoku hizohizo ndizo miguu ya magurudumu, maana miguu ya plastiki itapinda chini ya uzito utakaouweka.

Uzito wenyewe ni chubwi za wavuvi, zile za madini ya risasi. Kwenye mialo ya ziwa hazikosekani. Shikiza ndege nzima kwa selotepu, injini na mkia vikiwemo, uiegemeze juu ya penseli pale yatakapokaa magurudumu makubwa, halafu ongeza chubwi puani hadi pua ishuke. Ongeza tena kidogo, kwa ajili ya filla na rangi zinazokuja. Ukishatosheka, zigandishe kwa Araldite. Nasisitiza hili: usitumie gundi nyeupe ya mbao. Inatoa asidi, asidi inaila risasi, risasi inavimba polepole ndani ya bodi iliyofungwa, na baada ya muda mshono wa pua unapasuka wenyewe. Osha mikono ukimaliza. Risasi ni sumu.

Baba yangu alifanya kazi uwanja wa ndege hapa wakati wa East African Airways. Nataka modeli ibebe namba ya Uganda. Ipi? (Msomaji, Entebbe)

Dada yangu, barua yako nimeisoma kwa furaha kubwa. Shirika lilipokea Super VC10 tano kati ya 1966 na 1970, na usajili wake uligawanywa kwa nchi tatu wenye mali: 5X kwa Uganda, 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya. Za Uganda zilikuwa mbili. 5X-UVA iliharibika Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ilipositisha kuruka; kati ya watu 107 waliokuwamo, 43 walifariki. Ya pili ni 5X-UVJ, na kwa kumbukumbu ya mzee ningechagua hiyo.

Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki ziliishia kwa jeshi la anga la Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za kujazia wenzake mafuta angani. Ziliruka hadi miaka ya 2000 na zaidi. VC10 za mwisho za jeshi hilo zilistaafu Septemba 2013. Mojawapo, iliyokuwa 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa, na ilihifadhiwa na jumba la makumbusho la Brooklands, Uingereza. Picha zake zitakusaidia kwa maumbo, ila si kwa rangi, na mitambo ya kujazia mafuta usiifuate.

Usisahau mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele. Super VC10 za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati ule, hazikuwa nao, za kwetu zilikuwa nao, na seti nyingi hazitauonyesha. Uchore kwa ncha ya sindano ukifuata ukanda mgumu wa plastiki. Herufi za usajili peleka Nasser Road, Kampala: vijana wa pale wanakata stika kwa kompyuta. Usizibandike zenyewe, ni nene. Zitumie kama kinyago cha kukinga rangi, upulizie rangi, kisha uzing'oe.

Mimi ni mwanafunzi hapa Soroti. Naweza kutengeneza vakyumu yangu? (Msomaji, Soroti)

Unaweza, mwanangu, na katika mji wenye chuo cha marubani ningependa sana kuona hilo likifanyika. Boksi la mbao lisilovuja, juu yake ubao wenye vitobo vingi vidogo, ubavuni tundu la bomba la mashine ya kufyonza vumbi. Kalibu ichonge kwa mbao laini kama msizi, pande zake zikipanuka kidogo kuelekea chini ili plastiki itoke. Shiti ibane kwenye fremu, ipashe kwenye oveni ya umeme mpaka ilegee katikati, ishushe juu ya kalibu mara moja. Anza na maganda ya injini, si bodi. Tafuta plastiki yenye namba 6 ndani ya pembetatu, ndiyo polistireni. PVC usiipashe kamwe, moshi wake unachoma mapafu.

Mwanangu wa miaka 9 anaitaka hii. Aanze? (Mama, Kampala)

Bado. Wembe, tina na risasi si vitu vya umri huo. Mpe kwanza modeli ya kawaida ya vipande vilivyokatwa tayari, naye akusaidie kusugua msasa kwenye ile ya mtu mzima.

Rangi yangu nyeupe imepata ukungu. Kwa nini? (Msomaji, Fort Portal)

Ulipuliza siku ya mvua. Tina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewa unatua humo. Nyeupe ya VC10 ipuliziwe asubuhi yenye jua, tabaka jembamba jembamba. Ukungu uliopo, ukipuliza juu yake tina inayokauka polepole, nyepesi kabisa, siku kavu, mara nyingi unaondoka. Usiianike chini ya mabati ya moto ili ikauke upesi. Plastiki hii nyembamba ikishapinda hairudi.