Umetoka kwenye shambulio la moyo? Kaa mbali na diklofenaki

Juzi msomaji mmoja ameniandikia. Mumewe ametoka hospitali baada ya shambulio la moyo, goti linamsumbua, na amesikia kwamba inflamesheni, yaani uvimbe wa mwili kujihami unapoumia, ndiyo inayoharibu moyo. Je, ampe diklofenaki, dawa ya maumivu inayopunguza inflamesheni, ili goti na moyo vitulie kwa pamoja?

Dada yangu, usimpe.

Mimi niliruhusiwa kutoka wodini nikiwa na mfuko wa dawa na tarehe ya kurudi. Nilipouliza kwa nini eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, inaonyesha moyo umeanza kutanuka, nikajibiwa, "Ni kawaida." Jibu lile linaniuma mpaka leo. Nikaanza kusoma mwenyewe, na sijaacha.

Msuli wa moyo ukikosa damu, seli zake hufa, na zikifa huachia kemikali zinazoita seli nyeupe za damu. Nyutrofili, seli nyeupe za kwanza, hufika ndani ya saa chache. Makrofeji, seli nyeupe za aina nyingine, hufuata, husafisha mabaki, kisha baada ya siku kadhaa hugeuka kuwa mafundi: huamsha seli zinazofuma kolajeni, nyuzi za protini za kovu, na kovu huanza kukaza. Inflamesheni hiyo unaihitaji. Ukuta wa moyo ambao kovu lake halijakaza unaweza kupasuka. Miaka ya 1970 madaktari walijaribu kuizima kwa steroidi, dawa kali za kupunguza inflamesheni, wakakuta madhara.

Balaa huja inapogoma kukoma. Hapo hushambulia hata msuli uliosalimika, ukuta hukonda, chemba ya kushoto hutanuka na kuwa duara, na moyo hushindwa kusukuma damu ya kutosha. Mabadiliko hayo huenda kimyakimya kwa miezi, huku wewe ukijiona umepona!

Kwa hiyo meza dawa zako hata ukijisikia mzima. Utafiti wa SAVE wa mwaka 1992 ulionyesha kaptoprili, dawa inayolegeza mishipa ya damu, ikipunguza vifo kwa asilimia 19 kwa watu ambao moyo wao ulidhoofika baada ya shambulio. Mimi sikuruka dozi, na eko ya mwisho imeonyesha chemba yangu imerudi karibu na ukubwa wake. Najivunia hilo, siwafichi.

Na kolchisini, dawa ya gauti inayopunguza inflamesheni, je? Utafiti wa COLCOT wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 4,745, uliona matukio mabaya ya moyo na mishipa yakipungua kwa asilimia 23. Utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 2024 haukuona faida. Huo ni uamuzi wa daktari wako, si wa jirani wala wangu. Muulize. Akikujibu kwa mkato, muulize tena. Omba eko irudiwe, omba uelezwe kila namba iliyoandikwa pale. Moyo ni wako.

Na hilo goti: diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya shambulio jingine na hufanya mwili uhifadhi maji. Ibuprofeni pia inaweza kuizuia aspirini ya dozi ndogo isifanye kazi yake ya kuzuia damu kuganda, na aspirini hiyo asiiache. Mwulizeni daktari kuhusu parasetamoli kabla hajameza kitu kingine chochote.