Mlio wa tiki tiki katika injini ya gari kuukuu

Ndugu, umeeleza kwamba Corolla yako ya 1998 hulia tiki tiki kila asubuhi, na mlio huo huzidi kasi ukikanyaga mafuta. Kabla ya kumruhusu fundi afungue injini, egesha mahali tambarare, zima, subiri dakika 10, kisha upime oili kwa kijiti chake, kwa sababu oili ikipungua au ikichakaa, vali (vilango vya kupitisha hewa na moshi ndani ya injini) hukosa kulainishwa vizuri na huanza kugonga. Oili ikiwa sawa na mlio ukatoweka injini ipatapo moto, fundi akague gasketi ya ekzosi, yaani kizibo kinachozuia moshi usivuje pale bomba la moshi linapoungana na injini. Usipotoweka, apime nafasi za vali, yaani uwazi mdogo kati ya vali na kinachozisukuma. Nakusihi sana: taa nyekundu ya oili ikiwaka, hata ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, zima injini papo hapo, gari livutwe hadi gereji.