Kofi hulia vipi kwa Kiingereza?

Natafsiri hadithi kutoka Kiingereza, na kamusi hunitupa mkono zaidi kwenye vipigo kuliko penginepo pote. Tafuta "whack", utaambiwa piga. "Smack", piga. "Thump", piga. "Bash", piga kwa nguvu. Si uongo, lakini mwandishi alitaka usikie pigo lenyewe, na hapo kamusi imenyamaza. Angetaka tu kusema mtu kapigwa, angeandika "hit", yakaisha.

Kwa hiyo neno la namna hii silikimbilizi kwenye kamusi. Kwanza nalitamka kwa sauti, nikisikiliza linavyoishia. Maneno mengi ya Kiingereza huishia na konsonanti, na kwenye konsonanti hiyo ndipo pigo linapotua. Jaribu "slap", taratibu. Midomo inafumba, pumzi inakatika papo hapo: kiganja kimefika shavuni na habari imekwisha. Sasa tamka "clang". Sauti haikatiki, inapanda puani na kuendelea kuvuma hata baada ya ulimi kutulia. La kwanza ni la nyama juu ya nyama, la pili ni la chuma. Ukitoka hapo mengine yanajipanga yenyewe: "whack" na "thwack" hukatika kooni, makavu, ya fimbo au ubao; "smash" na "crash" humwagika mwishoni kwa sababu kuna kitu kimevunjika na vipande vinatawanyika; "thud" na "thump" ni mazito, hayana makali, mzigo umeanguka juu ya kitu kisichorudisha mlio.

Irabu nayo ina kazi yake. Linganisha "click", "clack" na "clunk": kidogo, kikavu, kizito. Mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika mwaka 1929 kuhusu michoro miwili, mmoja wa mviringo na mwingine wa pembe kali, na majina mawili ya kubuni, "takete" na "baluba". Watu wengi, alisema, hawasiti kuupa ule wa pembe jina la "takete". Makali ya t na k tunayasikia hata pale ambapo hakuna kilichopigwa.

Ila usilipe sikio madaraka yote. Mwanaisimu Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 yeye akiwa ameshafariki, alitaja neno la Kifaransa "fouet", yaani mjeledi. Ukilisikia unaweza kuapa kwamba ni mjeledi wenyewe unalia, kumbe limetokana na "fagus", jina la Kilatini la mti. Mimi sikio nalitumia kuielewa sentensi. Asili ya neno nawaachia wenye kazi yao.

Kugumu hasa ni kuandika. Kiingereza hukifanya kitenzi chenyewe kilie: "she thwacked the cushion", basi. Tanakali zetu, yaani maneno yanayoiga milio, hazikubali kunyambuliwa hivyo, zinahitaji kitenzi cha kuegemea: akautandika mto fimbo, pwa! Habari njema ni kwamba vitenzi vyetu vimeshabeba nusu ya mzigo. Anayezabwa kofi hapigwi kama anayetandikwa bakora wala anayetwangwa ngumi, na msomaji anaisikia tofauti hata usipoongeza mlio wowote. Mimi huanza na kitenzi. Kikitosha, naishia hapo.

Kisipotosha, nauliza: kimetua juu ya nini? Tanakali zetu zinajali sana mahali pa kuangukia: tifu mchangani, pwata topeni, chubwi majini, pu sakafuni. Kitabu kilichoanguka bapa na kulia "smack" nitakiandikia pa!, na kilichoanguka kwa "thud" nitakiandikia pu!, hata kama kitenzi ni kile kile. Halafu nabana matumizi. Kwenye tamthilia ya Batman iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1966, ngumi zilisindikizwa na "POW!" ya herufi kubwa kioo kizima, na ilipendeza kwa kuwa ilikuwa mzaha. Hadithi ya mtu anayepigwa na mumewe haivumilii hata pa! mbili kwenye ukurasa mmoja.

Mwisho, hakikisha kuna pigo kweli. "Bang on time" ni saa ile ile kamili. "Smack in the middle" ni katikati kabisa. Mashine iliyo "out of whack" imeharibika tu, hakuna aliyeigusa. Mwanaastronomia Fred Hoyle alipotamka "big bang" redioni mwaka 1949, alikuwa akiielezea nadharia ya chanzo cha ulimwengu ambayo mwenyewe hakuikubali. Na mfanyakazi aliyepewa "a slap on the wrist" kapewa adhabu hafifu, pengine barua ya onyo, kwa hiyo usimzabe kofi kwenye tafsiri yako.