Hatujaoana, mtoto ni mmoja: nani amwandike kwenye ritani ya kodi?

Swali: Naishi Ohio na baba mtoto wangu, hatujafunga ndoa. Mtoto ana miaka minne na mwaka wote wa 2025 tulikaa naye nyumba moja. Mwenzangu alipata mshahara wa dola 46,000, mimi 21,000. Pango na umeme analipa yeye, kwa hiyo anasema mtoto aandikwe kwake. Wengine wanatushauri tugawane: yeye achukue nafuu ya mtoto (child tax credit), mimi nichukue EITC, ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo. Halafu Machi hii baba mtoto anahamia nyumba yake mwenyewe. Ritani ya 2026 itakuwaje?

Jibu: Dada, kwanza hakikisheni kweli hamjaoana. IRS, idara ya kodi ya Marekani, inaitambua ndoa iliyofungwa kihalali nje ya Marekani. Kwa Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 na ile ya Tanzania ya 1971, ndoa ya Kiislamu na ya kimila ni ndoa halali. Kama mlioana hivyo kabla ya kuja, ninyi ni wanandoa na mnajaza kama wanandoa. Yanayofuata hapa hayawahusu. Kuishi pamoja tu Ohio hakuwafanyi mke na mume, ingawa Texas, Iowa na Colorado zina sheria nyingine.

Kama hamjaoana, kila mmoja wenu ana sifa ya kumwandika, kwa sababu mtoto ameishi na kila mmoja zaidi ya nusu ya mwaka. Chaguo ni lenu. Kulipa pango hakumpi baba haki ya kwanza. Ila mkimwandika wote wawili, IRS itauliza mtoto alikaa na nani muda mrefu zaidi; kwenu muda ni sawa, kwa hiyo atapewa mwenye kipato kikubwa, yaani baba.

Kugawana mkiwa nyumba moja hakuruhusiwi. Atakayemwandika mtoto ndiye anayebeba vyote vinavyotokana naye: nafuu ya mtoto, EITC, nafuu ya malezi na hadhi ya mkuu wa kaya (head of household). Ushauri huo mliopewa unawafaa wazazi wanaoishi mbalimbali, nao huleta barua za IRS kila msimu wa kodi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Nachukulia kwamba mna mishahara tu, na nyote mna namba ya Social Security inayoruhusu kazi, pamoja na mtoto. Nazungumzia kodi ya serikali kuu kabla ya kuondoa kilichokwisha kukatwa kazini.

Akiandikwa kwa baba, baba anakuwa mkuu wa kaya kwa sababu analipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Dola 23,625 za kwanza hazitozwi, na kodi yake inakuwa kama 2,345. Nafuu ya mtoto ya 2,200 inaishusha hadi 145, na EITC inampa kama 709, kwa hiyo anabaki na 564 za kurudishiwa. Wewe, bila mtoto, unadaiwa 525. Nyumba nzima inapata kama dola 40.

Akiandikwa kwako, huwezi kuwa mkuu wa kaya kwa sababu gharama nyingi halipi wewe. Unajaza kama mtu asiye na ndoa. Kodi yako ni 525, nayo inafutwa na nafuu ya mtoto. Kinachobaki kwenye nafuu hiyo, 1,675, unapewa taslimu. Kwa mshahara wa 21,000, EITC ya mtoto mmoja ni kamili: dola 4,328. Jumla yako ni kama 6,000. Baba, bila mtoto, anadaiwa kama 3,390. Nyumba inabaki na 2,610 hivi.

Tofauti ni zaidi ya dola 2,500, na sababu yake ni EITC: kwa asiye na ndoa mwenye mtoto mmoja, inaanza kupungua kipato kikipita 23,350 na kwisha kabisa 50,434. Kwa hiyo aandikwe kwako. Lakini baba ataona hela anayorudishiwa imepungua sana, basi kubalianeni mgao wa pesa kabla hamjatuma ritani. Wenzi wengi huelewana kuhusu fomu, kisha hugombana pesa zikiingia.

Mmoja wenu angekuwa na ITIN tu, yaani namba ya kodi ya wasio na Social Security, jibu lingebadilika: kuanzia ritani ya 2025, nafuu ya mtoto inadai mzazi naye awe na namba ya Social Security, na EITC imekuwa hivyo kwa miaka mingi.

Baba akikutangulia kumwandika mtoto bila makubaliano, ritani yako ya mtandaoni itakataliwa. Unaweza kuituma tena ukiwa na IP PIN yako, namba ya siri inayotolewa na IRS, au kwa posta. Kisha huja barua CP87A kwa wote wawili, na asiyestahili anarekebisha kwa fomu 1040-X. Kwenu, bila makubaliano, asiyestahili ni wewe, kwa hiyo zungumzeni mapema.

Ritani ya 2026 itategemea usiku. Mtoto akilala kwako siku nyingi kuliko kwa baba, mzazi mlezi, yaani mwenye haki ya kumwandika, ni wewe. Zikilingana kabisa, ni mwenye kipato kikubwa. Anza kalenda siku baba atakayohama, na utunze barua za shule na kliniki zenye anwani yako.

Mkiishi mbalimbali miezi sita yote ya mwisho wa mwaka, ndipo kugawana kunaruhusiwa, kwa fomu 8332. Ukiisaini, baba anachukua nafuu ya mtoto; EITC inabaki kwako, na hadhi ya mkuu wa kaya pia ukilipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba yako. Hata hakimu akiamuru baba amwandike, IRS itamdai baba fomu hiyo. Jaza sehemu ya kwanza tu, ya mwaka mmoja. Sehemu ya pili inatoa miaka ijayo, na ukitaka kuifuta, ufutaji unaanza kufanya kazi mwaka unaofuata ule uliompa baba taarifa.