Tafuta biashara inayoweza kukusubiri utoke kazini

Januari ile nilikuwa nafunga hesabu za mwaka ofisini, simu nimeilaza kifudifudi mezani. Saa nane mchana ikaanza kutetema. Nikaipuuza. Ikatetema tena, na tena. Nilipotoka nje kupokea, ni kijana wangu wa bandani kule Chanika: "Bosi, kuku wanahema sana, wengine wamelala." Nikamuuliza kama maji yapo. Kimya. Nikarudia. "Yaliisha, bosi. Nilikuwa nimeenda kuchaji simu."

Kuku wa nyama wa wiki 5, kwa joto la Dar la Januari, hachukui muda mrefu bila maji. Nilifika saa mbili usiku, daladala mbili na bodaboda. Kuku 37 kati ya 200 walikuwa wamepangwa juu ya kiroba kando ya mlango, miguu yote imeelekea upande mmoja, nadhani kijana aliona nikiwakuta kwa mpangilio hasira zitapungua. Zilikuwa zimebaki siku 4 wauzwe.

Waliosalia niliwauza, nikalipa chakula nilichokopa dukani, mkononi hakikubaki kitu. Na mtaji wenyewe ulikuwa mkopo wa mshahara wa miezi 24. Yaani kuku waliishi wiki 5, deni lao likaishi miaka 2, likikatwa kila mwezi kabla hata sijauona mshahara. Kama kuna jambo moja tu utachukua kwangu, liwe hilo: usianzishe biashara ya kwanza kwa mkopo wa mshahara. Anza na kiasi ambacho kikipotea utanuna wiki mbili na kula utaendelea kula.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule kijana. Sasa simlaumu. Kosa lilikuwa langu la kuchagua biashara inayotaka mtu awepo saa zile zile ambazo mwajiri ameshazilipia. Mama yangu alinikumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka, na ni kweli, hasa ukiyashika yote mawili saa nane mchana.

Kwa hiyo kabla hujauliza mtaji ni kiasi gani, uliza biashara hii itanihitaji saa ngapi. Mgahawa unakutaka mchana. Genge linakutaka alfajiri sokoni na jioni kwenye meza. Ufugaji unakutaka muda wote, usidanganywe na wanaosema kuku wanajilea. Ukiwa na ndugu unayemwamini wa kukaa pale, sawa. Ukiwa na simu tu, huna mradi.

Mimi nilihamia unga wa lishe. Soya nachemsha Ijumaa usiku, naianika Jumamosi asubuhi pamoja na mahindi na ulezi vilivyooshwa, vikikauka napeleka mashineni, Jumapili tunapaki na mama watoto. Kati ya Jumatatu na Ijumaa unga umekaa kwenye ndoo zake, haupigi simu. (Karanga siweki. Unga wenye karanga huchacha mapema, na karanga mbovu zina hatari ya sumukuvu. Mteja namwambia asage zake aweke wakati wa kupika.)

Kitu kilichonisumbua kuliko soko ni ofisi za serikali, kwa sababu zinafunguliwa saa ambazo na mimi niko kazini. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, lakini ile niliyokuwa nayo ilikuwa ya ajira, ikabidi niende TRA kuisajili kwa biashara. Kodi inayokatwa kwenye mshahara hailipii faida ya biashara yako. Halafu leseni ya halmashauri, kusajili jina la biashara BRELA, kisha SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, kwa sababu unga ni chakula. Ukitoroka kazini kila mara kwa kisingizio cha msiba, ndugu watakuishia. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Niliomba kuigawa, nikatumia wiki moja nzima kuzunguka na bahasha. Kijijini hawakunielewa Krismasi ile.

Mkataba wako usome, kipengele kwa kipengele. Mingi inataka umjulishe mwajiri kama una shughuli nyingine, na karibu yote haitaki ushindane naye. Mimi nilimwambia bosi mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Akauliza kilo shilingi ngapi, basi.

Ila ofisini usiuze kwa mkopo. Niliuza. Mkuu mmoja wa idara alichukua kilo 4, "tutamalizana mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi ulifika mara tatu. Utamdai vipi mtu anayekusainia ruhusa?

Pesa za unga zina laini yake ya simu na lipa namba yake. Mshahara ukiingia kwenye biashara, naandika kwenye daftari kama deni, jina langu kamili kwenye safu ya wanaodai. Watu wananicheka, lakini bila hivyo ningeamini unga unajiendesha kumbe unanyonya mshahara. Mwezi uliopita nilikuwa naidai biashara 640,000. Mwaka jana ilikuwa zaidi ya milioni.

Wapo wa kwenye majukwaa wanaosema acha kazi leo, jiajiri. Bima ya afya ya wanangu inapitia kazini kwangu, na michango ya NSSF pia, hivyo nawasikiliza na kupita. Biashara ikimaliza deni langu, na ikakaa miezi 6 bila kunikopa, hapo nitakaa na mama watoto tuzungumzie barua ya kuacha kazi. Kwa sasa ni Ijumaa, saa kumi na moja imepita, na soya bado haijatiwa jikoni.